Tom Mboya: Bwana Afya Aliyewapandisha Vijana Ndege

Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotugawia kazi za gazeti mwaka huu, kila mmoja wetu wa kidato cha tatu alipewa jina la mtu mashuhuri aliyekwisha kwenda mbele ya haki. Mwenzangu wa dawati alipewa Shaaban Robert akafurahi kama mtu aliyeokota noti njiani. Mimi nikapewa Tom Mboya. Kusema kweli nilinuna. Niliona ni mtu ninayemjua tayari. Si ni ile barabara ya matatu ambapo watu husukumana jioni wakitafuta gari la kurudi Eastlands? Si ni ile sanamu ya Moi Avenue? Nani asiyemjua? Kumbe nilikuwa najua jina la barabara tu.

Jambo lililonizindua lilitokea mtaani kwetu. Kijana mmoja jirani, fundi wa umeme, alipata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa mwaka mmoja kufanya kazi pamoja na mafundi wa huko, ili ajifunze kazi yao na maisha yao, nao wajifunze kwake. Wazazi wake wakaitisha mchango katika ukumbi wa mtaa. Tulikuwepo sote, wakubwa kwa wadogo, kwenye viti vya plastiki, soda zikipita. Ilipofika zamu ya mzee mmoja anayetengeneza redio karibu na stendi, alisimama, akatoa shilingi mia mbili, kisha akasema kwamba anachanga kwa sababu ya ujirani lakini haamini kuwa kijana huyo atarudi. Ukumbi mzima ulivuma kama mzinga wa nyuki. Baba wa kijana aliinamisha kichwa. Ndipo mama mmoja wa makamo akamjibu yule mzee kuwa hata wale wa ndege za Mboya walisemwa hivyo hivyo, na wengi wao walirudi.

Ndege za Mboya? Ndege zipi tena? Nililala na swali hilo. Kesho yake baada ya masomo nilikwenda maktaba ya Kaloleni, nikaanza kusoma, na tangu siku hiyo sikununa tena.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilimambogo, upande wa Thika, katika shamba la mkonge. Shamba hilo lilikuwa la mlowezi aliyeitwa William Northrup McMillan, yule yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya mlango wa maktaba kuu ya mjini. (Maktaba ya Kaloleni niliyokuwa nimekaa nikisoma habari hizi ni tawi la hiyo hiyo. Dunia ni duara.) Baba yake, Leonard Ndiege, alitoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, akafika Kilimambogo kutafuta kazi, akawa nyapara. Kwa hiyo Tom alizaliwa Mjaluo, lakini aliocheza nao utotoni walikuwa watoto wa Wakamba na Wakikuyu. Akakua akizungumza lugha hizo zote pamoja na Kiswahili. Jambo hili lilimfaa sana baadaye, maana mjini Nairobi aliweza kusimama mbele ya umati wowote asihitaji mkalimani.

Shule alizosoma ni za misheni ya Kikatoliki: Kabaa huko Ukambani, kisha Yala huko Nyanza kuanzia mwaka 1942, halafu Mang'u kuanzia mwaka 1946. Hapo Mang'u ndipo karo ilipomkaba koo. Baba yake alikuwa na watoto wengine wa kusomesha na mshahara wa nyapara haukuwa mpira wa kuvutwa. Tom akaona heri aache masomo atafute kazi itakayomfunza huku ikimlisha. Naomba msomaji akumbuke jambo hili, kwa kuwa kijana aliyeacha shule kwa kukosa karo ndiye aliyekuja kuwatafutia karo mamia ya wengine.

Mwaka 1948 aliingia Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya. Hii ndiyo kazi ambayo watu wetu huiita kazi ya bwana afya. Huwa twamjua bwana afya kama mtu wa kanjo anayekuja sokoni, akikuta nyama ina nzi anaimwaga, akikuta mkahawa hauna choo anaufunga. Ni mtu wa kukimbiwa! Lakini ukiitazama vizuri, ni kazi inayomfikisha mtu kila mahali. Anaingia machinjioni, anapima maziwa, anatazama mitaro, anahesabu watu wangapi wanalala chumba kimoja. Huko Kabete wanafunzi wenzake walimchagua awe mwenyekiti wa baraza lao. Alifuzu mwaka 1950, mwaka ule ule Nairobi ilipotangazwa kuwa jiji, akaajiriwa na Baraza la Jiji.

Hapo kazini ndipo alipoonja uchungu wenyewe. Mkaguzi Mwafrika na mkaguzi Mzungu walifanya kazi moja, lakini mshahara wa Mwafrika ulikuwa kama sehemu moja kwa tano ya ule wa Mzungu. Yaani Mzungu akipata shilingi tano, yeye anapata moja, na maziwa wanayopima ni yale yale.

Kuna kisa kimoja ambacho yeye mwenyewe alikisimulia katika kitabu chake, na mimi nimekisoma mara tatu. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa. Akaingia mama Mzungu ameshika chupa ya maziwa. Tom akamwamkia. Yule mama akatazama huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote humo ndani. Na Tom amesimama pale, mrefu wa futi zake zote! Basi naye Tom akamuuliza kama macho yake yana shida. Mama akatoka mbio kwenda kumshtaki kwa wakubwa. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka hadi mlinzi wa maktaba akanikazia jicho. Mara ya pili sikucheka. Nilifikiri jinsi inavyokuwa kuulizwa kama upo ilhali upo.

Tom hakuishia kujibu kwa maneno. Wafanyakazi Waafrika wa Baraza la Jiji walikuwa na chama chao kidogo, kikiwa cha chai na maombi zaidi kuliko cha madai. Alikishika na mwaka 1952 akakigeuza kuwa chama halisi cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 23 tu, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya, lile lililojulikana kama KFL. Miaka 23! Ndugu yangu mkubwa ana miaka hiyo na bado mama anamuuliza kama amenawa mikono.

Wakati huo makazi yake yalikuwa Ziwani, hapa hapa kwetu Eastlands. Nao ulikuwa wakati mbaya. Tarehe 20 Oktoba 1952 wakoloni walitangaza Hali ya Hatari. Mzee Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Mwaka 1953 chama cha KAU kikapigwa marufuku. Halafu tarehe 24 Aprili 1954 ikaja ile wanayoiita Operesheni Anvil. Askari waliizingira Nairobi alfajiri, mitaa ya Waafrika ikazungukwa, watu wakatolewa nyumbani na vyumba vyao wakapangwa mistari. Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walitiwa malorini wakapelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Wazee wa mitaa yetu walikuwa wakihesabu miaka kwa tukio hilo: huyu alizaliwa kabla ya Anvil, yule baada ya Anvil. Miongoni mwa waliotiwa malorini walikuwamo viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mboya akawa anaandika barua za kulalamika huku na huku, kwa sababu vyama vya siasa vilikuwa vimefungwa mdomo na sauti pekee ya Mwafrika iliyobaki halali ilikuwa ya mfanyakazi.

Mwezi wa Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma kwa maelfu. Mboya akateremka pwani kwa haraka. Wenye kampuni walitarajia mgomo uishie kwa virungu, lakini yeye aliwasihi makuli warudi kazini huku madai yao yakipelekwa kwa wasuluhishi, na mishahara ikapandishwa. Jina lake likaanza kutajwa hata huko Uingereza.

Sasa nimefika mahali ninapopenda kupita yote. Mwezi wa Oktoba 1955, bwana afya huyu wa Ziwani alipata msaada wa masomo akaenda Uingereza kwa mwaka mmoja, katika chuo cha Ruskin kilichoko Oxford. Msifikirie ni vile vyuo vya kale vya watoto wa mabwana. Ruskin ilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wazima wanaofanya kazi, waliotoka migodini, viwandani na relini, wasiopata bahati ya kusoma sana utotoni. Mchimba makaa anakaa dawati moja na karani wa stesheni, wanajifunza uchumi, siasa na mambo ya waajiri na waajiriwa. Hapo ndipo Tom alipoketi.

Mimi nimejaribu kumfikiria. Katika Kenya aliyoiacha, Mzungu alikuwa ni bwana shamba, au afisa, au askari. Huko alikutana na Mzungu mwenye mikono migumu kama ya baba yake, anayelalamikia kodi ya nyumba na kuhofia kufutwa kazi. Nafikiri mtu akishaona hivyo hawezi tena kutishika na rangi. Pia alijifunza jinsi vyama vya kule vinavyotunza hesabu, vinavyoendesha mikutano, vinavyojadiliana usiku kucha bila kurusha kiti. Mambo haya yaonekana madogo, lakini anayefuatilia mikutano ya baadhi ya vyama vyetu, hata vya shule, anajua si madogo.

Wala hakwenda kupokea tu, alikuwa na lake la kutoa. Waingereza wengi walikuwa wakisikia habari za Kenya kutoka kwa walowezi pekee, kwamba ni nchi ya Mau Mau na mapanga basi. Mboya alizunguka akizungumza na vyama vya wafanyakazi na wanafunzi, akaeleza habari za ardhi, za kipande, za mshahara wa sehemu moja kwa tano. Mwaka 1956 akachapisha huko kijitabu juu ya suala la Kenya na jibu la Mwafrika, na Bi. Margery Perham, mtaalamu mashuhuri wa mambo ya makoloni, akakiandikia utangulizi. Mtu aliyekwenda kama mwanafunzi akawa naye anafundisha.

Kabla ya kurudi nyumbani alipitia Marekani kwa muda wa miezi miwili hivi. Huko mambo mawili yalitokea. La kwanza, vyama vya wafanyakazi vya Marekani vilikubali kutoa dola 35,000 za kujenga makao ya wafanyakazi mjini Nairobi. Jengo hilo lipo mpaka leo, Solidarity House, kando ya Digo Road karibu na Gikomba. Nimepita hapo mara nyingi nikiwa nimebeba mfuko wa mitumba nyuma ya mama, nisijue kwamba napita kando ya matunda ya safari ya mtu. La pili, alikutana na mfanyabiashara kijana wa vipuri vya ndege aliyeitwa William Scheinman. Wakapatana kama chanda na pete. Mboya alimweleza shida ya vijana wa Kenya waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani lakini hawana nauli, na Scheinman akaanza kuwalipia mmoja mmoja kutoka mfukoni mwake.

Yafaa nieleze shida yenyewe. Wakati huo Kenya haikuwa na chuo kikuu kamili. Aliyefaulu vizuri sana alikwenda Makerere, Uganda, nazo nafasi zilikuwa chache mno. Royal Technical College ya Nairobi ilifungua milango mwaka 1956 na ilikuwa bado changa. Serikali ya kikoloni iliwapeleka wachache Uingereza, hao hao iliowachagua yenyewe. Uhuru ulikuwa unabisha hodi, na Mboya akajiuliza nani atakayekalia viti Wazungu wakiondoka. Nani atakuwa daktari, mhandisi, mwalimu wa chuo, mkuu wa mbuga za wanyama?

Alirudi Oktoba 1956. Machi 1957 ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria, naye akachaguliwa kuwakilisha Nairobi, akimshinda wakili Argwings-Kodhek. Mikutano yake ilijaza kumbi za mitaa yetu. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, alikalia kiti cha mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote huko Accra, Ghana. Hayo nayapita haraka kwa kuwa yamo katika vitabu vyetu vya historia.

Aprili 1959 alirudi Marekani. Kwa muda wa majuma matano alihutubia karibu mara mia moja, vyuoni, makanisani, katika kumbi za wafanyakazi na kwenye televisheni. Huko Atlanta alipokewa na Martin Luther King. Kila mahali ombi lake lilikuwa moja: nafasi za masomo. Vyuo vikamwahidi nafasi kwa makumi. Sasa ikabaki nauli. Scheinman na wenzake wakaunda wakfu wa kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika, na watu watatu mashuhuri wakatia sahihi barua ya kuomba mchango: Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji. Wamarekani wa kawaida, wengi wao weusi wasio na mali, wakatuma dola zao.

Hapa Kenya, Mboya pamoja na Dakta Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, waliokuwa wamesoma Marekani, walikaa kuchagua vijana. Nazo familia zikachanga. Wengine waliuza ng'ombe, wengine waliandaa karamu za chai na dansi za kiingilio ili kijana wao apate nguo na pesa za matumizi. Nilipofika hapo nikaukumbuka ukumbi wetu, viti vya plastiki na soda.

Wakoloni hawakupenda. Walisema vyuo vya Marekani ni vya chini, kwamba vijana watapotea huko, watarudi na siasa mbaya au wasirudi kabisa. Basi, maneno ya yule mzee wa redio yalikuwa yameshasemwa na gavana na watu wake kabla mzee mwenyewe hajajua kushika bisibisi.

Tarehe 7 Septemba 1959 ndege ya kukodi iliruka kutoka uwanja wa Embakasi ikiwa na vijana 81. Uwanja wenyewe ulikuwa mpya, umefunguliwa mwaka uliotangulia. Wengi wa vijana hao hawakuwa wamewahi kupanda ndege. Miongoni mwao walikuwa Philip Ochieng, aliyekuja kuwa mwandishi mkali wa magazeti, na msichana aliyeitwa Pamela Odede, binti wa Walter Odede, kiongozi wa KAU ambaye wakoloni walimtia kizuizini. Pamela alikwenda chuo kilichoko mji mdogo wa Marekani ambao nao unaitwa Oxford. Januari 1962 alifunga ndoa na Mboya. Mmoja kasoma Oxford ya Uingereza, mwingine Oxford ya Marekani.

Mwaka uliofuata pesa zilipungua. Waombaji walikuwa wengi, ndege hakuna. Serikali ya Marekani ilipoombwa isaidie ilikataa. Ndipo Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, tarehe 26 Julai 1960. Kennedy alikuwa anagombea urais mwaka huo. Wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Walipopata fununu, watu wa upande wa Nixon wakahimiza serikali nayo itoe pesa, ile ile iliyokuwa imesema haina! Siasa ni siasa, Marekani ama Makadara. Septemba hiyo vijana zaidi ya 200 waliondoka. Kati yao alikuwamo msichana wa Nyeri aliyekwenda kusoma biolojia huko Kansas, Wangari Muta, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Profesa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Mwingine aliyesoma kwa mpango huo ni Perez Olindo, aliyekuja kuongoza mbuga za wanyama za taifa. Hadi mwaka 1963 vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafirishwa.

Huko hawakulala juu ya zulia. Baridi ya theluji iliwapiga, na waliopelekwa majimbo ya kusini walikuta mikahawa ambayo mtu mweusi haruhusiwi kuketi. Wengi walifanya kazi za kuosha vyombo ili kulipia vitabu. Baadhi walibaki kabisa, si uongo. Lakini wengi walirudi, na Wazungu walipofungasha mizigo ya ofisi, watu wa kushika funguo walikuwapo.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba aliyewapeleka hakuwa na shahada ya kuisomea. Vyuo vilimpa shahada za heshima, lakini masomo yake ya chuo yalikuwa ule mwaka mmoja wa Ruskin na cheti cha bwana afya. Angeweza kuona wivu, kama wakubwa wengine wanavyofanya, wakiona kijana anataka kuwapita wanamfungia mlango.

Sitaki mdhani namfanya malaika. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Haki na Mambo ya Katiba, kisha Waziri wa Mipango ya Uchumi, na ndiye aliyekuwa mbele katika waraka namba 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Katika wizara ya katiba alisaidia kupitisha mabadiliko yaliyorundika madaraka mikononi mwa mtu mmoja. Na Machi 1966 huko Limuru, yeye akiwa katibu mkuu wa KANU, cheo cha makamu wa rais wa chama kiligawanywa vipande vinane ili Jaramogi Oginga Odinga asukumwe nje. Mwalimu wetu wa historia anasema hiyo ilikuwa siasa ya wakati wake. Mimi naona alimchimbia mwenzake shimo, na wale waliofaidika na shimo hilo hawakumpenda yeye vilevile.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, siku moja baada ya kurejea kutoka Addis Ababa, Mboya aliingia duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Ilikuwa saa saba hivi za mchana, maduka yanafungwa. Alipotoka alipigwa risasi. Hakufika mbali. Alikuwa na miaka 38. Habari zilipofika Eastlands watu waliacha sufuria motoni wakatoka mbio kwenda hospitali. Siku ya misa ya maziko katika kanisa la Holy Family kulikuwa na ghasia, msafara wa Rais ukarushiwa mawe, askari wakapiga mabomu ya machozi. Alizikwa Rusinga, kisiwa cha baba yake. Mtu mmoja, Nahashon Njenga Njoroge, alihukumiwa akanyongwa mwaka huo huo. Lakini waulize wazee wa Ziwani na Kaloleni kama wameridhika na jibu hilo, utaona watakavyonyamaza kwanza.

Nilipomaliza kuandika nilikwenda na yule mwenzangu wa Shaaban Robert kuitazama sanamu upya. Ilizinduliwa Oktoba 2011, si mbali na mahali alipoangukia. Nilikuwa nimeipita mara mia bila kugundua kwamba miguuni pake kuna heroe, wale ndege wa waridi wa Ziwa Nakuru, ndege wanaohama ziwa hili kwenda lile.

Kijana wetu wa umeme aliondoka jioni ya Jumapili moja. Tulimsindikiza kwa matatu ya kukodi, mama yake akiimba nyimbo za kanisa njia nzima. Uwanja wa siku hizi una majengo mengine. Jengo lile la mwaka 1959 lipo ng'ambo ya pili ya njia ya kurukia ndege. Yule mzee wa redio naye alikuja, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akaketi kando ya dereva bila kusema neno. Tulipofika langoni alimvuta kijana pembeni, akamwambia akirudi amletee bisibisi nzuri ya Kijerumani, ile ndogo ya kufungulia redio, na akaonyesha ukubwa wake kwa vidole viwili. Kijana alitoa kalamu akaandika kwenye kiganja chake. Tukiwa tunarudi, karibu na Donholm, ndege moja ilipita juu yetu taa zikimetameta, na mzee akamwomba dereva apunguze sauti ya redio hadi ilipotoweka.